Tundu Chini ya Kiti

Kile kipande cha plastiki bado ninacho. Ni cheusi, kikubwa kiasi cha sahani ya chai, na ukingo wake mmoja umeyeyuka ukawa na vinundu pale msumeno ulipopata moto. Nilikikata mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, kutoka juu ya sanduku la filta ya hewa la skrambla yangu, pikipiki ya njia mbovu, nikiwa nimeketi mkekani uani. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza, "Hiyo si nzima?" Nikamwambia ni nzima. Akarudi jikoni.

Kazi yangu ni pampu. Nafunga na kutengeneza pampu za sola za visima huku Malindi: Ganda, Kakoneri na Langobaya upande huu wa mto Sabaki, na ng'ambo ya daraja ni Magarini hadi Marafa. Kazi hii humtia mtu ugonjwa mmoja usiopona. Kitu chochote kikikosa nguvu, anakwenda kutazama mdomo kwanza. Chujio limeziba? Bomba la kuvutia ni jembamba? Nimeitwa mara nyingi kwenda kuizika pampu, nikaifufua kwa kuitoa nyasi mdomoni tu. Basi ugonjwa huo nikauhamishia kwenye pikipiki.

Skrambla yenyewe ni Suzuki DR650SE. Silinda moja, sentimita za ujazo 644, injini ya kupozwa kwa hewa na oili. Kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, ni ya Mikuni yenye koo la milimita 40. Umbo hilo lilitoka mwaka 1996 na tangu hapo limebadilishwa kidogo sana, ndiyo maana wanaolipenda wanalipenda, na wanaolicheka wanalicheka kwa sababu ileile. Niliinunua Nairobi kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao, nikashuka nayo mwenyewe. Mpaka Emali ilikuwa inavuta kama punda aliyenusa nyumbani. Baada ya Voi ikaanza uvivu. Nilipofika Mariakani nikasema ni joto, na joto kweli lilikuwepo, basi nikaridhika na jibu langu.

Malindi uvivu ukawa tabia. Ukienda mwendo mmoja, pikipiki inasukuma inaacha, inasukuma inaacha, kama mtu anayetembea huku akijaribu kukumbuka alichotumwa. Ukifungua aksileta, baada ya robo tatu hakuna kinachoongezeka. Ukiifunga ghafla, bomba la moshi linapiga pa, pa-pa, na watoto wa Mambrui wanashangilia. Mimi nilijua, bila kumuuliza mtu, kwamba hewa haitoshi.

Hesabu ilikuwa upande wangu. Injini ya mipigo minne huvuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, imevuta mara 3,000. Zidisha kwa 644, unapata zaidi ya lita 1,900 za hewa kila dakika. Hayo ni mapipa tisa na ushei ya lita 200, na yote yapite kwenye sponji moja, ndiyo filta, baada ya kuingilia pua moja ya mpira iliyochomekwa juu ya sanduku chini ya kiti. Nilipoichungulia ile pua kwa tochi, nikasema mwizi ndiye huyu.

Tena sikuwa wa kwanza. Wenye DR650 wengi huing'oa pua hiyo na kukata sehemu ya juu ya sanduku. Wenye mdogo wake, DR-Z400, hukata mraba wa inchi tatu kwa tatu, na mraba huo una sifa karibu kuipita pikipiki yenyewe. Si kwamba kiwanda kiliweka pua kwa uchoyo. Injini inayovuta hewa ina mvumo wake, mbali na ule wa bomba la moshi, na Marekani kuanzia 1986 pikipiki mpya ya barabarani haitakiwi kuzidi desibeli 80 katika kipimo chao. Pua hunyamazisha. Sanduku nalo ni hodhi: silinda moja kubwa haivuti mfululizo, inapiga funda, inatulia, inapiga funda, na lazima kuwe na hewa iliyotulia karibu nayo ya kuchota. Ndiyo maana wale wanaolitupa sanduku lote, wakabandika kifilta cha duara moja kwa moja kwenye kabureta, mara nyingi huishia na chombo kinachokohoa. Ndani ya kabureta ya aina hii kuna kipande kinachopandishwa na ombwe kupitia kiwambo cha mpira, na hewa ikiingia kwa mishtuko, kipande hicho hutetemeka badala ya kupanda. Haya yote niliyajua. Mimi sikutaka kulitupa sanduku. Nilitaka kulipasua kidogo tu.

Fundi wangu ni rika la marehemu baba. Ana kibanda cha mabati nyuma ya barabara ya Lamu, na kila mtu humwita ami. Nilimkuta anaosha mikono kwa omo na mchanga.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa. Nataka kuifungua kifua. Ivute zaidi."

"Umeitazama inakunywa nini?"

"Petroli ya sheli, kama wenzake."

Akanitazama kwa juu ya miwani, muda mrefu kidogo. "Mwana akililia wembe, mpe. Ila hicho kipande utakachokikata, usikitupe."

Nilidhani ananichekesha.

Kwa sababu mimi ni mtu wa vipimo, kabla ya kukata nilitafuta namba. Kaskazini ya daraja la Sabaki, kuelekea Mambrui, kuna kipande cha barabara kilichonyooka. Nilimpakia mpwa wangu nyuma na simu yenye saa ya kuhesabu. Kazi yake ilikuwa moja: tukiwa gia ya tano, mshale ukigusa 60 nami nikifungua aksileta yote, abonyeze, ukigusa 90, abonyeze tena. Tulikwenda mara tatu na kurudi mara tatu, kwa kuwa kaskazi hukupiga kifuani ukielekea Mambrui na kukusukuma mgongoni ukirudi, na asiyejua hilo hujisifu kwa upepo. Wastani ulikuwa sekunde 8.1, watu wawili juu na makoti yao. Niliuandika kwenye daftari ninaloandikia vina vya visima.

Kisha nikakata. Nilichora mstari kwa chaki, nikaacha ukingo wa inchi moja kuzunguka ili sanduku lisilegee, nikatoa filta na kuziba koo la kabureta kwa kitambaa. Drili pembe nne, halafu msumeno mwembamba. Ile plastiki hailii kama chuma. Inanung'unika, inatoa harufu ya nywele zilizoungua, na vumbi lake jeusi linashika jasho la mikono. Kipande kilitoka na pua bado imo ndani yake. Nilisafisha kingo kwa msasa, nikavuta vumbi lote, nikarudisha filta.

Nilipoiwasha, hakuna kitu. Ngurumo ileile. Lakini nilipofika barabarani nikafungua aksileta, chini yangu pakatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia: mvumo mzito, wa ndani, kama mtu anayepuliza baragumu akiwa ndani ya birika la maji. Nywele za mikono zilinisimama. Nilikwenda mpaka Gongoni bila sababu yoyote, nikarudi, njia nzima nafunga na kufungua ili niusikie tu. Mpwa wangu alikuwa ananisubiri nje. "Mjomba, hii sasa ni simba!" Na mimi niliamini ni simba. Jioni hiyo nilimweleza kila niliyekutana naye barazani.

Kesho yake tukapima. Mara tatu kwenda, tatu kurudi. Wastani ukawa sekunde 8.7.

Nilimwambia mpwa wangu kidole chake kimelala. Tukapima tena alasiri. Ni 8.7 ileile. Simba wangu alikuwa amepungua mbio, na mimi masikio yalinidanganya mchana kutwa. Ukitaka ushauri wangu mmoja kuhusu mambo haya ni kwamba sikio lina tamaa. Kelele ikiongezeka linahesabu ni kasi, na likishahesabu halikubali kurudiwa hesabu.

Nilirudi kwa ami bila maneno mengi. Yeye hakusema nilikwambia. Alisema twende nje ya mji. Alipanda nyuma, na tukiwa tumefungua yote kwa muda, akanipiga begani. Nikabana klachi, nikazima injini hapohapo, tukateleza mpaka kando ya barabara. Injini hii ina plagi mbili za kuwashia kwa silinda moja. Akafungua moja kwa kitambaa, maana ilikuwa moto, akaisogeza kivulini na kunionyesha ncha. Kile kigae cheupe kinachozunguka nyaya kilikuwa cheupe hasa, kama ukuta uliopigwa chokaa kwa ajili ya harusi.

"Inapaswa kuwa rangi ya kahawa ya tangawizi iliyotiwa maziwa," akasema. "Ikiwa nyeusi ya masizi, imeshiba kupita kiasi. Hii ina njaa."

"Njaa ya hewa?"

"Ya hewa wewe."

Nieleze hapa kwa sababu ndipo nilipokuwa nimepotea. Petroli haiungui kwa kupenda. Ili gramu moja iishe yote bila masalia inataka gramu 14.7 hivi za hewa. Na kwa nguvu nyingi kabisa, injini ya aina hii hupenda hewa pungufu kidogo, kama gramu 12.5 hadi 13. Ukizidisha hewa bila kuzidisha petroli, moto unakuwa dhaifu na wa kuchelewa. Unaunguza vitu visivyotakiwa kuungua, vali na uso wa pistoni, na mchanganyiko mwingine unashindwa kuwaka ndani, unakwenda kuwakia kwenye bomba la moshi. Zile pa, pa-pa walizokuwa wakishangilia watoto wa Mambrui zilikuwa malalamiko. Kabla sijakata, pikipiki ilikuwa tayari na njaa ya petroli. Mimi nikaiongezea hewa.

Swali likawa njaa ilitoka wapi. Ami aliishusha kabureta jioni ile, akamwaga petroli iliyokuwemo kwenye bakuli lake kwenye kopo la maziwa ya watoto, akaifungua jeti kubwa kwa bisibisi pana. Jeti ni kijishaba kidogo chenye tundu; namba yake ikiwa kubwa, tundu ni kubwa na petroli ni nyingi. Akaishika kwenye kiganja, akavua miwani, akaivaa tena. "Mia na thelathini. Nani kakupa hii?"

Nikampigia yule mgeni niliyeinunua kwake. Alikumbuka vizuri sana, tena kwa fahari. Alipokuwa Nairobi pikipiki ilikuwa inatoa moshi mweusi na kunywa kama fisi, hivyo alitoa jeti ya 140 akaweka 130, ikatulia. Na alifanya sawasawa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya kwetu kwa kiasi cha asilimia 15. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inayotosha ni pungufu, na kabureta, hata hii yenye kiwambo inayojaribu kujirekebisha, haijui yenyewe kupunguza kiasi chote kinachotakiwa. Yeye akaisaidia. Halafu mimi nikaiteremsha mpaka hapa, ambako hewa imekaa juu ya mawimbi, nzito, ina chumvi, na jeti ni ileile ya mlimani.

Nikacheka peke yangu njiani. Sisi watu wa Malindi tunajua sana vitu vinavyoshuka kutoka huko juu bila kuambiwa. Mto unaanza karibu na Nairobi unaitwa Athi, ukishakuwa mkubwa ni Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, na udongo wote unaouchukua njiani unaumwaga baharini hapa. Ndiyo maana ufuo wetu una rangi ya hudhurungi na unazidi kusogea kuingia baharini, wakati Watamu, mwendo mfupi kusini, mchanga ni mweupe wa matumbawe. Skrambla yangu ilishuka na mzigo wake vilevile. Uvivu ulianzia Voi kwa sababu Voi ndipo hewa ilipoanza kuwa nzito kweli.

Jeti mpya ziliagizwa Nairobi, zikaja kwa basi kwenye bahasha nyembamba kama hirizi: 140, 145, 150 na 155. Wakati nazisubiri, nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo kabisa, na ambalo mtu wa pampu hana udhuru wa kutolifanya. Nilipima mvuto.

Nilichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikaukunja kama herufi U, nikautia maji yenye rangi ya zambarau ya sharubati, nikaufunga kwenye usukani pamoja na rula ya shule. Ncha moja nikaiingiza ndani ya sanduku la filta, nyingine nikaiacha wazi. Injini ikivuta, maji hupanda upande mmoja, na tofauti ya kimo ndiyo inayokuambia sanduku linabana kiasi gani. Mara ya kwanza maji yalirukaruka kama dagaa kwenye wavu. Nikabana ncha kwa pamba, yakatulia.

Tundu likiwa wazi, aksileta yote, tofauti ilikuwa sentimita 5. Kisha nikakirudisha kile kipande kwa gundi ya karatasi, pua yake imo, sanduku likawa kama lilivyotoka kiwandani. Ilikuwa sentimita 14.

Sasa, kila mtu wa pampu anaijua namba moja hata ukimwamsha usiku wa manane: mita 10.3. Ndicho kimo cha maji ambacho hewa ya usawa wa bahari inaweza kukishikilia, na ndiyo sababu pampu iliyo juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi hapo, uifanye unavyoifanya. Hewa inayotusukuma ni mita 10.3. Mwizi wangu, ile pua niliyoitazama kwa hasira, alikuwa anaiba sentimita 14. Ni asilimia moja na kitu. Na mimi kwa msumeno wangu wote nilirudisha sentimita 9, ambazo hazifiki hata asilimia moja.

Najua mtaalamu atasema kipimo changu ni cha wastani, kwamba injini ya silinda moja inavuta kwa funda na ule mbano wa ndani ya funda ni mkubwa kuliko rula yangu inavyoonyesha, na kwamba ukubwa wa tundu hubadilisha mawimbi ya hewa yanayokwenda na kurudi ndani ya sanduku. Kweli tupu. Lakini hata ukiizidisha mara tatu, haifanani na simba.

Jeti zilipofika tulianza na 150, tundu likiwa wazi. Ami alifanya na mengine mawili, na haya ndiyo yaliyonifundisha kwamba kabureta haina koo moja. Robo ya kwanza ya aksileta inalishwa na jeti ndogo na skrubu yake, ambayo kiwanda kilikuwa kimeiziba kwa kizibo cha shaba ili watu kama mimi wasiiguse. Ami alikitoboa kile kizibo kwa drili nyembamba, pole pole, akiwa ameshusha pumzi, maana ukizidisha nusu milimita umeichimba skrubu yenyewe. Katikati inatawala sindano, ambayo kadiri inavyopanda ndivyo inavyoachia petroli, na ya kwangu haikuwa na ngazi za kuipandisha, kwa hiyo aliiwekea chini ya kichwa washa nyembamba kuliko ukucha. Mwisho kabisa, aksileta ikiwa imefunguka yote, ndipo jeti kubwa inapotawala. Tulibandika utepe mweupe kwenye mshiko tukachora alama za robo ili tujue pikipiki inalalamika ikiwa kwa nani.

Na 155 pia tulijaribu. Ikawa nzito, plagi ikaanza kupata masizi, tukarudi 150. Rangi ya kahawa ya maziwa, ami akairamba midomo kana kwamba ataionja. Kule kusitasita kukaisha. Tukapima: sekunde 6.6.

Kutoka 8.1 hadi 6.6 si kidogo. Hapo ndipo hadithi nyingi za aina hii huishia, mtu akipiga picha ya tundu lake na kusema tazameni. Mimi pia nilitaka kuishia hapo. Shida ni kwamba mwezi wa Februari nilikuwa na kisima Marafa.

Aliyekwenda Marafa anajua lile korongo lao, Nyari, kuta za mchanga mwekundu na mweupe na wa manjano zilizochongwa na mvua. Watalii huenda kulitazama jua likizama. Mimi nakwenda kwenye pampu, na mchanga ule wa Magarini naujua kwa jina lingine: uko kwenye chai, uko kwenye soksi, uko kwenye kila nati. Ukiwa umekauka na gari limetangulia, unasimama hewani kama pazia. Tundu langu linatazama juu, chini ya kiti, na gurudumu la nyuma linalimwagia kutoka upande wa pili. Nilikwenda na kurudi mara mbili. Zamani filta ilikuwa inastahimili safari tano au sita kabla haijawa chafu. Siku ya tatu pikipiki ilianza tena uvivu, wa aina nyingine, mzito, wa kubanwa. Nilipoinua kiti, sponji ilikuwa imevaa koti la matope mekundu kwa juu, hasa pale chini ya tundu, na pembeni ilikuwa safi kabisa.

Nililifuta koo kwa ndani, baada ya filta, upande wa injini. Kidole kikarudi na ukungu mwekundu.

Ile ilinitisha kuliko sekunde 8.7. Mchanga wa kwarzi una ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, maana yake unaweza kukwaruza kisu cha jikoni. Kuupitisha kwenye silinda ni sawa na kuipiga msasa kwa ndani mara 3,000 kwa dakika. Kosa halikuwa la tundu peke yake. Nilikuwa naiosha sponji kwa petroli kama wanavyofanya wengi, na petroli hulainisha gundi inayoshika maungio yake. Kisha nilikuwa naipaka oili ya kawaida ya injini, ambayo kwa joto letu huteremka yote chini ikakaa sakafuni mwa sanduku, na juu sponji inabaki kavu. Kwa vumbi la kawaida, sanduku likiwa zima, uzembe huo ulisitirika. Tundu liliufichua. Siku hizi naiosha kwa mafuta ya taa, halafu sabuni na maji, naikamua kwa kuifinya bila kuisokota, inakauka kivulini, na naipaka oili nzito ya filta mpaka inate kwenye vidole. Kwenye mdomo inapokalia naweka grisi. Kisha nafuta koo la ndani kwa kidole baada ya kila safari ya Marafa, na kidole kinarudi cheusi cha oili tu, hakina wekundu.

Halafu kulikuwa na masika inakuja. Mtu anayevuka madimbwi ya kuelekea Garsen akiwa na tundu la sahani ya chai chini ya kiti anaomba mabaya. Maji hayabanani kama hewa. Injini ikimeza funda moja tu, pistoni inapanda inakuta ukuta, na mkono unaoishika unapinda. Mkono ule huwezi kuununua Malindi.

Mwisho wa Machi nikaenda kwa ami na kile kipande mfukoni. Hakuuliza kitu. Alikipanga juu ya tundu, akatoboa pembe nne, akatengeneza vishikio vya bati kwa chini, na kuzungusha ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili pasiwe na mwanya. Bolti nne, spana ya kumi. Pua ikarudi mahali pake. Akatoa jeti ya 150 akaweka 140, ile namba aliyoitoa mgeni Nairobi.

Nilimchukua mpwa wangu tukaenda Sabaki. Mara tatu kwenda, tatu kurudi. Kusi lilikuwa bado halijaanza, barabara ilikuwa tulivu. Wastani: 6.7.

Nilimwonyesha daftari: 6.6 tundu likiwa wazi, 6.7 likiwa limefungwa, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko kidole chake kinavyotetemeka akibonyeza simu. Aliitazama namba, akaitazama pikipiki, akaonekana kama mtu aliyeletewa biriani isiyo na nyama.

"Lakini mjomba," akasema, "sasa haingurumi."